Mkono umelegea baada ya upasuaji wa ubongo: je, utarudi?

Mgonjwa ametoka chumba cha upasuaji. Uvimbe uliokuwa ubongoni umeondolewa. Amefungua macho, anawatambua ndugu zake na anawaita kwa majina. Lakini daktari anapomwambia anyanyue mkono wa kulia, mkono haunyanyuki. Siku aliyoingia hospitali alikuwa akiutumia, ingawa kwa shida. Sasa umelala kitandani kama si wake.

Ndugu wanaangaliana. Swali ni moja, na kila mmoja analo moyoni: mkono huu utarudi, au ndiyo basi?

Kwa mtu anayeishi kwa jembe, kwa cherehani au kwa kukamua ng'ombe, swali hilo ni swali la chakula cha nyumbani. Kwa miaka mingi jibu la madaktari lilikuwa "tusubiri tuone". Siku hizi, katika baadhi ya hospitali kubwa duniani, kuna kipimo kinachosaidia kutoa jibu lenye uzito zaidi. Kinatumia sumaku, hakihitaji kisu, na kinafanyika mgonjwa akiwa ameketi kwenye kiti. Katika makala haya tunaeleza kinavyofanya kazi, kinachoweza kutuambia na kisichoweza, kisha tunaangalia yale ambayo familia inaweza kuyafanya popote ilipo.

Ubongo unavyouamuru mkono

Tuanze na njia yenyewe. Juu ya ubongo, karibu na katikati ya kichwa, kuna ukanda mwembamba unaoshuka kutoka utosini kuelekea sikioni. Kuna mmoja kila upande. Huo ndio ukanda wa mwendo. Amri ya kusogeza kidole inatoka hapo.

Amri hiyo inasafiri kama umeme mdogo kupitia nyuzi nyembamba sana za fahamu. Nyuzi zinakusanyika pamoja kama kamba, zinashuka ndani ya ubongo, na nyingi zinavuka kwenda upande wa pili kabla ya kuingia kwenye uti wa mgongo. Ndiyo maana uvimbe ulioota upande wa kushoto wa ubongo hulegeza mkono wa kulia, na ule wa upande wa kulia hulegeza mkono wa kushoto. Kutoka kwenye uti wa mgongo, neva nyingine hupokea ujumbe na kuupeleka hadi kwenye misuli ya mkono. Safari yote, kutoka kichwani hadi kwenye kidole gumba, huchukua kama sehemu 20 kati ya 1,000 za sekunde moja.

Fikiria mradi wa maji wa kijiji. Juu mlimani kuna tangi, chini kuna kilula cha kuchotea, na katikati kuna bomba refu lililofukiwa ardhini. Asubuhi moja maji hayatoki. Kwa kukitazama kilula tu huwezi kujua tatizo liko wapi. Pengine bomba limekatika. Pengine limebanwa na jiwe. Pengine ni mlinzi wa tangi ambaye hajafungua koki. Watu wanaokuja na ndoo wanaona jambo moja tu, yaani maji hakuna. Lakini matengenezo yake ni tofauti kabisa, na muda wa kusubiri ni tofauti.

Mkono uliolegea baada ya upasuaji ni hivyo hivyo. Kwa macho ni mkono mmoja usiosogea. Kwa ndani, sababu zinaweza kuwa tofauti sana.

Ramani ya ubongo ilivyoanza kuchorwa

Wazo la kugusa ubongo kwa umeme ili kujua sehemu gani inafanya nini ni la zamani. Mwaka 1870, madaktari wawili wa Ujerumani, Gustav Fritsch na Eduard Hitzig, walipitisha umeme mdogo kwenye ubongo wa mbwa na kuona miguu ya upande wa pili ikicheza. Kabla ya hapo wataalamu wengi waliamini kwamba uso wa ubongo hauhusiki na kusogeza viungo.

Baadaye, huko Montreal nchini Kanada, daktari wa upasuaji Wilder Penfield aliifanya kazi hiyo kwa binadamu waliokuwa wakifanyiwa upasuaji. Ubongo wenyewe hausikii maumivu, hivyo wagonjwa walichomwa sindano ya ganzi kichwani tu na kubaki macho. Penfield aligusa sehemu moja baada ya nyingine na kuandika nini kimesogea: kidole, mdomo, mguu. Mwaka 1937 yeye na mwenzake Edwin Boldrey walichapisha ramani iliyotokana na kazi hiyo. Ilionyesha kwamba mkono na uso vimepewa nafasi kubwa sana kwenye ukanda wa mwendo, kubwa kuliko mgongo na tumbo. Tukikumbuka kazi ndogo ndogo zinazofanywa na vidole, hilo si la ajabu.

Mpaka leo madaktari hutumia umeme wa namna hiyo ndani ya chumba cha upasuaji, na bado ndiyo njia inayoaminika kuliko zote. Shida yake ni kwamba lazima fuvu liwe limeshafunguliwa. Ramani inapatikana wakati safari imeshaanza.

Sumaku inayopita juu ya fuvu

Mwaka 1985, Anthony Barker na wenzake katika mji wa Sheffield, Uingereza, walionyesha njia nyingine. Walishika koili ya waya juu ya kichwa cha mtu na kupitisha ndani yake umeme mkali wa muda mfupi mno. Umeme huo ulizalisha nguvu ya sumaku, sumaku ikapenya fuvu, na ndani ya ubongo ikaamsha umeme mdogo. Mkono wa mtu huyo ukashtuka bila yeye kutaka.

Kipimo cha leo kimejengwa juu ya wazo hilo. Kwanza mgonjwa hupigwa picha ya ubongo kwa mashine ya MRI. Kisha huketi kwenye kiti, na kamera maalumu hufuatilia kichwa chake na koili, ili kompyuta ionyeshe kwenye picha ni sehemu gani hasa inayoguswa. Vibandiko vyenye nyaya huwekwa juu ya misuli ya mkono na ya mguu. Mtaalamu anasogeza koili kidogo kidogo, na kila mara inasikika sauti ya "ta!". Mahali ambapo misuli inajibu panawekwa alama. Pasipojibu panawekwa alama nyingine. Mwishoni inapatikana ramani ya mgonjwa huyo mwenyewe, na hata siku ya upasuaji haijafika.

Jambo hilo ni muhimu kwa sababu uvimbe unaweza kuusukuma ubongo na kuhamisha mipaka. Ramani ya kitabuni inaonyesha ubongo wa mtu mzima wa afya. Ubongo wa mgonjwa aliyekaa na uvimbe kwa miaka unaweza kuwa umejipanga upya.

Je, kinauma? Watu wengi husikia kama mtu anawagongagonga kichwani kwa kidole. Misuli ya paji la uso inaweza kukaza, na wengine huumwa kichwa kidogo baadaye. Kuna uwezekano mdogo wa kuamsha kifafa, kwa hiyo mgonjwa huulizwa historia yake kwanza. Mwenye vyuma fulani kichwani au kifaa cha umeme mwilini anaweza kuzuiwa asifanyiwe.

Kabla ya upasuaji: kupima ukubwa wa hatari

Ramani ina kazi mbili. Ya kwanza ni kumwonyesha daktari pa kupita na pa kutogusa. Ya pili ni kukadiria hatari kabla ya kisu.

Kwa kutumia alama zilizopatikana, kompyuta huweza kuchora pia ile kamba ya nyuzi inayoshuka kutoka kwenye ukanda wa mwendo. Hapo daktari anaweza kupima umbali kati ya uvimbe na njia ya mkono.

Mwaka 2017, madaktari wa hospitali ya Charité mjini Berlin, Ujerumani, walichapisha matokeo ya wagonjwa zaidi ya 100 waliokuwa na gliyoma, aina ya uvimbe unaoota kutoka kwenye chembe za ubongo wenyewe na kujipenyeza ndani yake. Walikuta kwamba pale uvimbe ulipokuwa mbali na njia ya mwendo kwa zaidi ya milimita 8, na haujaingia kwenye ukanda wa mwendo, hakuna mgonjwa aliyebaki na ulegevu mpya wa kudumu. Milimita 8 ni kidogo sana, ni unene unaozidi kidogo wa penseli ya shule. Ila ndani ya ubongo, upana wa penseli unaweza kuwa ndio tofauti kati ya kurudi shambani na kubaki nyumbani.

Waliangalia jambo la tatu pia, nalo ni nguvu ya sumaku inayohitajika ili mkono ujibu. Kwa mtu mwenye afya, pande mbili za ubongo hujibu kwa nguvu zinazokaribiana. Upande wenye uvimbe ukitofautiana sana na upande mzima, hiyo ni ishara kwamba njia ya mwendo imeshaanza kuelemewa hata kama mkono bado unashika jembe. Ni kama paa linalosimama wima ilhali mchwa wako ndani ya nguzo.

Kwa familia, maelezo hayo yanabadilisha mazungumzo. Badala ya kuambiwa "kila upasuaji una hatari", mgonjwa anaweza kuambiwa kuwa hatari kwake ni ndogo, au kuwa uvimbe umegusana na njia yenyewe, na hivyo huenda ikabidi kuacha sehemu yake. Uamuzi unabaki kuwa mgumu. Lakini anayeamua anajua anachoamua.

Baada ya upasuaji: mikono mitatu inayofanana

Sasa turudi kwa mgonjwa wetu wa mwanzo, mwenye mkono uliolala kitandani. Kuna sababu tatu kubwa ambazo daktari huzifikiria.

Ya kwanza ni kuvimba. Ubongo ulioguswa huvimba kama mkono uliogongwa. Njia haijakatika, imebanwa tu. Uvimbe huo ukishuka, nguvu huanza kurudi, mara nyingi ndani ya siku au wiki chache.

Ya pili inahusu sehemu ya ubongo iliyo mbele kidogo ya ukanda wa mwendo, karibu na katikati ya kichwa. Kazi yake ni kupanga na kuanzisha mwendo. Ikiondolewa pamoja na uvimbe, mgonjwa anaweza kuamka akiwa hawezi kabisa kusogeza upande mmoja, na pengine hata kuongea kukawa shida. Inatisha mno. Hata hivyo wengi wao hurudishiwa uwezo ndani ya wiki hadi miezi kadhaa, kwa sababu sehemu nyingine za ubongo, pamoja na upande wa pili, huchukua kazi hiyo. Bomba ni zima. Mlinzi wa tangi ndiye aliyeondoka, na mwingine anajifunza kufungua koki.

Ya tatu ni njia yenyewe kukatwa, au mshipa wa damu unaoilisha kuziba. Hapa bomba limekatika. Kurudi kwa nguvu kunakuwa kudogo na kwa taabu, na ulegevu unaweza kuwa wa kudumu.

Hapo ndipo sumaku inaporudi kazini. Mtaalamu anaiweka koili juu ya ukanda wa mwendo na kutazama vibandiko vya mkononi. Mgonjwa mwenyewe hawezi kuusogeza mkono kwa kutaka. Lakini je, ujumbe ukitumwa kutoka nje, unafika? Kama misuli inajibu, hata kwa mtikisiko mdogo ambao jicho halioni ila mashine inausoma, basi njia iko hai.

Mwaka 2019, timu ya madaktari wa Bern nchini Uswisi ilitoa matokeo ya kundi dogo la wagonjwa waliokuwa wamelegea sana baada ya kuondolewa uvimbe karibu na njia ya mwendo. Ujumbe wao ulikuwa huu: pale misuli ilipojibu sumaku siku za mwanzo baada ya upasuaji, matumaini ya nguvu kurudi yalikuwa makubwa.

Wazo hilo halikuanzia kwenye uvimbe peke yake. Huko Auckland, New Zealand, mtafiti Cathy Stinear na wenzake wamekuwa wakilitumia kwa watu waliopatwa na kiharusi. Utaratibu wao huanza bila mashine yoyote. Ndani ya siku 3 za mwanzo mgonjwa huombwa kunyanyua mkono kuanzia begani, kisha kunyoosha vidole. Anayeweza vizuri hahitaji sumaku, kwa kuwa matarajio yake tayari ni mazuri. Asiyeweza ndiye hupimwa kwa sumaku kuona kama ujumbe unafika.

Mambo ambayo kipimo hakiwezi

Tusikipe kipimo hiki sifa kisizokuwa nazo. Misuli kujibu si ahadi kwamba vidole vitashona kama zamani. Kunaonyesha kwamba njia ipo. Nguvu, wepesi na ustadi vinahitaji muda na mazoezi.

Na misuli kutojibu si hukumu ya mwisho, hasa kipimo kikifanywa mapema mno wakati ubongo bado umevimba. Baadhi ya dawa za kifafa na za usingizi pia hupunguza mwitikio. Ndiyo maana daktari haangalii kipimo kimoja, huunganisha na picha ya MRI na uchunguzi wa kila siku kitandani.

Tena, kipimo kinazungumzia njia ya mwendo. Hakisemi uvimbe wenyewe ni wa aina gani wala kama utaota tena. Hilo hujulikana maabara kwa kuchunguza kipande kilichotolewa.

Mashine hizi ni ghali na zinahitaji wataalamu, na hata Ulaya hazipo katika kila hospitali. Lakini swali linaloulizwa na mashine, yaani "njia imekatika au imebanwa?", anaweza kuulizwa daktari yeyote wa upasuaji wa ubongo, awe Berlin au katika taasisi ya MOI pale Muhimbili, Dar es Salaam. Ana njia nyingine za kulijibu.

Familia ifanye nini

Kwanza, msichelewe. Mtu mzima anayepata degedege kwa mara ya kwanza maishani, mwenye kichwa kinachouma na kuzidi wiki hadi wiki na kutapika asubuhi, au mwenye mkono au mguu unaodhoofika pole pole upande mmoja, apelekwe hospitali. Wapo wanaopoteza miezi wakidhani wamerogwa, na muda wote huo uvimbe unaisogelea njia ya mkono. Ulegevu wa ghafla ni dharura ya siku hiyo hiyo.

Pili, ulizeni kabla ya upasuaji. Uvimbe uko umbali gani na sehemu ya mwendo? Mnategemea kuutoa wote au sehemu? Mkono ukilegea baadaye, mnategemea iwe kwa muda au moja kwa moja? Mtajuaje? Haya si maswali ya utovu wa adabu. Daktari mzuri huyapokea.

Tatu, msiache dawa kienyeji. Dawa za kupunguza uvimbe wa ubongo na za kuzuia degedege hazikatizwi ghafla kwa sababu mgonjwa anajisikia vizuri. Hupunguzwa kwa maelekezo ya daktari.

Nne, mkono uliolegea usiachwe peke yake. Muulizeni mtaalamu wa mazoezi ya viungo awafundishe kabla ya kuruhusiwa kutoka hospitali. Mkono uegemezwe juu ya mto, usining'inie. Viungo vikunjwe na kukunjuliwa taratibu kila siku ili visikakamae. Na tafadhali, mnapomwinua mgonjwa, msimvute kwa mkono ule dhaifu. Bega linaweza kuteguka. Mkono ukianza kurudi, apewe kazi za kweli za nyumbani anazoziweza: kupukuchua mahindi, kuchambua maharage, kukunja nguo. Ubongo hujifunza kwa kurudia.

Tano, mtunzieni moyo kwa ukweli. Kumwambia "kesho utapona" kila siku huku mkono haujasogea kunamchosha. Akielezwa kwamba njia iko hai na kazi iliyobaki ni ya miezi, ana sababu ya kuamka na kujaribu tena. Na akielezwa kwamba mkono hautarudi kama ulivyokuwa, anaweza kuanza mapema kujifunza kutumia mkono wa pili, na familia ikapanga nani atalima na nani atachunga.

Kimya cha mkono siku ya kwanza kinaweza kuwa cha aina mbili: cha njia iliyobanwa, na cha njia iliyokatika. Ndugu waliosimama kando ya kitanda wana haki ya kuuliza ni kipi.

Makala haya ni ya kuelimisha na hayachukui nafasi ya ushauri wa daktari wako. Kama yamekufaa, msomee na jirani asiye na simu.